"Fargo": Uongo Ulioanzia Mezani pa Biashara



Wanafunzi wakitaja filamu za kuchekesha zenye damu, haikosi kutajwa Fargo ya mwaka 1996, ya ndugu wawili wa Kimarekani, Joel na Ethan Coen. Jerry, muuza magari wa Minneapolis, ana shida ya pesa. Anawakodi wahuni wawili wamteke mkewe ili baba mkwe tajiri alipe. Wahuni anawaambia fidia ni dola 80,000, wagawane nusu kwa nusu. Mkwewe anamwambia dola milioni 1. Yaani anawadhulumu hata wezi wenzake! Mpaka mwisho watu 7 wameshakufa, mkewe akiwemo.

Wazazi wenzangu, hii si filamu ya kutazama na watoto. Ina matusi na uchafu mwingi. Hata maandishi ya mwanzo yanayodai ni kisa cha kweli ni uongo, kisa kimetungwa.

Wengi huzungumzia mauaji. Mimi naona ubaya wenyewe uko mapema, dukani. Mteja alikubaliana na Jerry kuwa gari lisipakwe dawa ya kuzuia kutu. Limepakwa, na bei imepanda. Jerry anasema ni mambo ya kiwandani, ngoja amwulize mkubwa. Anatoka, anapiga soga na mwenzake, anarudi: mkubwa hajawahi kufanya hivi, lakini atapunguza dola 100. Mteja anamwita mwongo, na bado analipa.

Hapo watu hucheka. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono kwenye chungu ya nafaka sokoni akakuta chini imelowa, hakulichukulia jambo dogo, alisema mdanganyifu si katika watu wake. Na sisi tuna wetu wa "wallahi, hata bei ya kununulia hairudi".

Kisha yuko Scotty, mtoto wa Jerry. Analia chumbani, anauliza itakuwaje mambo yakiharibika. Baba anamtuliza, halafu anamfundisha la kusema: rafiki za mama wakipiga simu, waambie yuko Florida. Mtoto amepewa kazi katika utapeli unaomwangamiza mama yake, naye hajui.

Mara ya mwisho tunamwona usiku, babu yake ameshauawa. Anamwambia baba kuna mtu amempigia simu. Baba anajibu kuwa anakwenda kulala. Baada ya hapo filamu haimtaji tena.