Njia Tambarare Si Njia Rahisi

Imani imeenea Mombasa, hasa miongoni mwa vijana wa vikundi vya mbio na matembezi, kwamba ugumu wa njia umeshapimwa na simu na hauna mjadala tena. Programu imekusanya rekodi za waliopita, imehesabu kilomita na miinuko, imelinganisha mwendo wao, kisha imeandika: rahisi. Kisiwa chetu hakina milima, basi hukumu hiyo humridhisha kila mtu. Mimi naipinga, kwa sababu inaweza kumwangusha mtu.

Chukua njia ya Shimanzi hadi Fort Jesus. Kwenye ramani ni kilomita chache tu. Ipite kwa miguu saa saba mchana, mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa bado haijaondoka. Kuta za magodauni ni ndefu na miti ya kivuli ni ya kutafuta. Trela zimeegeshwa ukingoni, nawe unalazimika kushuka kwenye lami pamoja na matangi ya mafuta na bodaboda. Hewa ya bahari imejaa unyevu, jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Hapo ndipo moyo unapoanza kwenda mbio ilhali miguu haijafanya kazi ya maana. Njia hiyo hiyo saa kumi na mbili asubuhi, wakati wa kusi, ni matembezi ya raha. Daraja moja litazibebaje zote mbili?

Tena, rekodi hizo ni za nani? Mtazame hamali wa mkokoteni akitoka Shimanzi na magunia. Penye kijimwinuko ambacho mwenye viatu vya mbio hata hakihisi, yeye huinama hadi kifua kikaribie mpini, akakanyaga kwa vidole, huku mwenzake akisukuma kwa nyuma. Anaijua barabara ile kuliko sote, lakini hana saa ya kurekodi, kwa hiyo hahesabiki. Hahesabiki pia mama aliyebeba mtoto, wala mzee aliyekata tamaa akapanda tuktuk. Wanaobaki kwenye takwimu ni wenye nguvu, waliochagua saa nzuri na wakafika. Kadiri njia inavyowashinda wanyonge, ndivyo wastani wa mwendo unavyoweza kuonekana mzuri. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na kuongeza rekodi maelfu za watu wa aina ile ile hakulirekebishi.

Anayedhani nazidisha na akumbuke Machi 24, 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika hapa kisiwani, kwenye uwanja wa gofu kando ya bahari. Hakukuwa na mlima wa kutisha. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametwaa mbio ndefu na fupi kila mwaka tangu 2002 hadi 2006, aliachia njiani mbio za kilomita 12 akiwa bado anawania ushindi. Joto na unyevu viliwatoa wengi, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Ikiwa bingwa wa namna ile alisimama, tutamwambiaje mgeni kwamba Mombasa ni rahisi kwa kuwa ni tambarare?

Mazoea ya kupima ugumu kwa mlima ni ya zamani. Mwaka 1892 William Naismith wa Scotland aliweka kanuni yake: saa 1 kwa kila maili 3, na saa 1 zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwa vilima vya baridi vya kwao ilifaa. Jua halimo.

Viongozi wa vikundi, msitangaze njia kwa daraja la simu peke yake. Andikeni saa, msimu, penye kivuli, penye maji na penye malori. Na kabla ya kuandika, nendeni Shimanzi mkawaulize mahamali.