Fedha Zilizo Benki Si Faida

Kila msimu wa mizania, wanunuzi wadogo wa hisa hutazama mambo mawili tu: faida na gawio. Kwa kiwanda cha saruji huo si mwanzo mbaya. Kwa kampuni ya bima ya afya ni mtego.

Chukua mfano. Kampuni inakusanya shilingi milioni 100 mwezi Januari kwa bima ya mwaka mzima. Hadi mwisho wa Juni imezilipa hospitali milioni 40, na kutumia milioni 10 kwa mishahara na kamisheni. Benki zimebaki milioni 50. Lakini nusu ya makusanyo, yaani milioni 50, ni ya miezi sita ijayo. Na ankara za Mei na Juni, tuseme milioni 9, hospitali bado hazijazileta. Kampuni inahitaji akiba ya milioni 59, nayo ina 50. Hiyo ni hasara ya milioni 9. Ikigawa gawio hapo, inagawa dawa za wagonjwa wa Oktoba.

Hatari ya pili ni bei. Mfuko wa NHIF hapa Tanzania uliandikisha watoto kwa Toto Afya Kadi kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Wazazi wengi walimkatia kadi mtoto aliyekwisha kuugua, na wenye watoto wazima wakakaa pembeni. Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa. Bima hulipika pale wazima wengi wanapowabeba wagonjwa wachache. Wakibaki wagonjwa peke yao, hakuna akiba itakayotosha.

Nchini Kenya, Aprili 2022, msimamizi wa bima aliiweka chini ya uangalizi kampuni ya Resolution, iliyojulikana zaidi kwa bima ya afya. Mwenye hisa husimama mwisho wa foleni siku kama hiyo, nyuma ya wagonjwa na hospitali.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hisa, au kuwakatia wafanyakazi wako bima, uliza mambo matatu. Madai yanakula kiasi gani cha kila shilingi 100 ya ada? Akiba imewekwa wapi: katika dhamana za serikali zinazouzika haraka, au katika viwanja? Je, kuna bima mtawanyo ya kubeba madai makubwa? Tangu Januari 2023, kanuni ya kimataifa ya hesabu namba 17 inatenganisha matokeo ya bima yenyewe na mapato ya uwekezaji. Soma mstari huo kwanza.

Maoni yetu ni kwamba kampuni inayopunguza gawio ili kujaza akiba isikimbiwe sokoni. Inayostahili kutiliwa shaka ni ile inayouza ada rahisi kuliko wenzake wote huku ikigawa gawio nono. Wahenga walisema akiba haiozi. Katika bima ya afya, kukosekana kwake ndiko kunakooza kampuni.