Gari la spidi kwenye foleni ya Nairobi: liendeshwe kila siku au lisinunuliwe

Wasomaji wangu, leo naomba niache kidogo habari za seva na hifadhidata, niongee kuhusu magari. Msiwe na wasiwasi, tutarudi kwenye tarakilishi kabla hatujafika mbali.

Kuna swali ambalo wenzangu wa kuandika programu wananiuliza, hasa wale waliopata kandarasi nono za ng'ambo na sasa pesa zinawawasha mfukoni. Je, mtu anaweza kuwa na gari la kifahari la spidi, tuseme Porsche 911, na akaliendesha kila siku hapa mjini? Aende nalo kazini, sokoni, akamchukue nalo mtoto shuleni? Au gari kama hilo ni la Jumapili tu, linatoka gereji asubuhi, linazunguka saa moja, kisha linarudi kufunikwa turubai?

Msimamo wangu nautaja mapema ili asiyekubali ajiandae. Gari la spidi lisiloweza kuhimili maisha ya kila siku ni kazi ambayo haijakamilika. Na mwenye gari anayeogopa kuliendesha kila siku amenunua picha ya ukutani yenye magurudumu. Lakini nina sharti moja, nalo nitalieleza mwishoni, maana ndilo zito kuliko yote.

Kwanza hesabu

Tuseme unaishi Ongata Rongai na ofisi yako iko Westlands. Ni kilomita 25 hivi, na asubuhi mbaya inakuchukua dakika 90. Gawa mwenyewe: mwendo wako wa wastani haufiki kilomita 17 kwa saa. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, alikuwa akienda karibu kilomita 21 kwa saa, kwa miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo Kipchoge angekupita Lang'ata, angekupungia mkono, na akifika asingelipia maegesho.

Sisi watu wa programu tuna kanuni ya jambo hili. Mwaka 1967 mhandisi Gene Amdahl alieleza kwamba ukiongeza kasi ya sehemu moja ya kazi, faida yako haiwezi kuzidi muda uliokuwa ukitumiwa na sehemu hiyo. Katika zile dakika 90, huenda dakika 10 tu ndizo za barabara iliyo wazi. Ukizipita kwa kasi maradufu, umeokoa dakika 5. Hata kama gari lako lingepaa kama mwanga, zile dakika 80 za foleni ziko palepale. Tena sheria yenyewe haikuruhusu kuongeza maradufu. Ndani ya mji mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na hata kwenye Expressway, ile barabara ya kulipia ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, mwisho ni 80.

Kwa hiyo yeyote anayekuambia gari la spidi litakuwahisha kazini anakuuzia kichakataji kipya ilhali kinachokwama ni diski. Hilo tulimalize hapa. Kama kuna sababu ya kuliendesha mjini, basi si kuwahi.

Kitanda usichokilalia

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nadhani walikuwa wanatutabiria sisi watu wa programu, maana kunguni wetu pia hawaonekani siku ya maonyesho. Mfumo unaweza kupita majaribio yote, mkurugenzi akapiga makofi, halafu Jumatatu wateja wa kweli wakaingia na simu zao za bei nafuu na mtandao wa kusuasua, ukaanguka kabla ya saa nne.

Magari ya spidi kwa miaka mingi yalikuwa hivyo. Yalitengenezwa kwa ajili ya maonyesho na picha. Clachi ngumu kama mguu wa tembo, joto ndani kama jikoni, nyuma huoni kitu, na fundi ndiye rafiki yako wa karibu. Watu walisamehe yote hayo, wakasema ndiyo tabia ya gari zuri. Mimi nasema ni kunguni.

Porsche 911 ilienda njia nyingine. Ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1963 ikiitwa 901, jina likabadilishwa baada ya Peugeot kulalamika kwamba namba za tarakimu tatu zenye sifuri katikati ni zao. Injini yake imekaa nyuma kabisa, na kwa sababu hiyo mbele pana nafasi ya mizigo, na nyuma ya dereva pana viti viwili vidogo ambavyo watoto wanatosha. Ni gari la spidi, lakini mtu aliyelichora alikumbuka kwamba dereva ana familia na ananunua unga.

Halafu Honda wakaja na NSX, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990. Bodi ya alumini, injini katikati, na Ayrton Senna mwenyewe alishiriki kuijaribu wakati ikitengenezwa. Lakini kilichowashangaza watu ni kwamba ilikuwa inawaka kila asubuhi. Unaona nje vizuri pande zote, unaiendesha polepole bila mateso, na haikutaka fundi wa kuishi naye. Gordon Murray, aliyebuni McLaren F1, aliiendesha NSX na kuifanya kipimo cha jinsi gari lake litakavyokuwa barabarani. Fikiria hilo. Mtu anayetengeneza gari la kasi kuliko yote anaenda kujifunza kwa gari linalosifiwa kwa utulivu. Alijua kwamba kasi ya kilele ni namba moja tu, na dereva anaishi na namba nyingine zote.

Kunguni wa Nairobi

Sasa tuje nyumbani. Mteja wangu mmoja ana 911 ya kizazi cha karibuni, na akisafiri huniachia ufunguo ili betri isife. Kwa hiyo nimelala kwenye kitanda hicho kwa wiki kadhaa, na hawa ndio kunguni niliowahesabu.

Wa kwanza ni matuta. Tumbo la gari hili liko sentimita 12 hivi kutoka ardhini. Kuna matuta ya Nairobi ambayo hayakupimwa na mhandisi yeyote, yamejengwa usiku na wenye mtaa waliochoshwa na madereva wabaya, na siwalaumu. Unayavuka kwa mshazari, taratibu, huku mkokoteni nyuma yako ukipiga kelele.

Wa pili ni mashimo. Tairi la mbele la Carrera ni 235/40, ukuta wake ni kama sentimita 9 tu. Probox ina ukuta wa sentimita 12 na zaidi, juu ya rimu ya chuma ambayo fundi wa barabarani ataigonga nyundo na safari iendelee. Rimu ya 911 haigongwi nyundo. Tena hakuna tairi la spea, unapewa chupa ya gundi na pampu ndogo. Baada ya mvua, shimo likijaa maji hujui ni dimbwi au ni kisima.

Wa tatu ni upana. 911 ya kwanza ilikuwa na upana wa mita 1.61. Ya sasa ina mita 1.85. Maegesho yetu mengi yamechorwa kana kwamba gari bado ni lile la 1963, na dereva wa jirani yako anafungua mlango kama anayefungua lango la ng'ombe.

Wa nne ni foleni yenyewe. Giaboksi za clachi mbili zina raha yake kwenye barabara wazi, lakini kwenye foleni ya kusogea hatua mbili na kusimama, clachi inateleza na kupata joto. Dawa yake ni kuacha pengo mbele, kisha kusogea mara moja. Shida ni kwamba Nairobi pengo lina mwenyewe, naye ni matatu.

Lakini sikilizeni, kunguni hawa wana dawa, na dawa nyingine ni programu. Porsche wana mfumo wa kuinua pua ya gari kwa sentimita 4 hivi. Katika matoleo ya karibuni unaweza kuliambia gari likumbuke mahali, likitumia GPS, na siku nyingine ukifika hapo linajiinua lenyewe. Nilipoliona nilicheka kwa furaha. Kuna mhandisi mahali fulani aliyekubali kwamba tuta la mtaani kwako ni sehemu ya kazi yake. Hiyo ndiyo tabia ninayoitaka kwa kila mtu anayeandika programu.

Na kwa wanaosema magari haya hayakuumbwa kwa barabara zetu, nawakumbusha historia. Mwaka 1978 Porsche walileta 911 SC kwenye Safari Rally hapa Kenya. Waliiinua mpaka sentimita 28 kutoka ardhini, wakaweka mabamba ya kuzuia mawe chini, na Vic Preston Jr. akamaliza wa pili nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas. Mwaka 2022 Porsche walitoa 911 Dakar, iliyoinuliwa sentimita 5 zaidi ya Carrera yenye sasipensheni ya spoti, na yenye uwezo wa kujiinua 3 nyingine. Kwa hiyo barabara mbaya haikuwahi kuwa kitu kisichowezekana. Ilikuwa hitaji ambalo watu wengine waliliandika kwenye orodha na wengine wakalisahau.

Kuliweka nako kunaliua

Mtu ataniambia, basi afadhali kuliweka tu, thamani ibaki. Mashine haikai hivyo. Vifaa vya umeme vinanyonya betri hata gari limelala. Matairi yanapata bapa upande mmoja. Petroli inazeeka, mpira wa kuzuia mafuta unakauka, maji ya unyevu yanabaki kwenye ekzosi. Ni kama seva ambayo hakuna aliyeigusa miaka mitatu: siku unayoihitaji ndiyo siku inayokataa kuwaka, na aliyejua neno la siri aliacha kazi.

Pia safari fupi mno zinaumiza, kwa sababu mafuta ya injini hayapati joto la kutosha. Kwa hiyo ukiendesha mjini, mara moja kwa wiki lipe barabara ndefu, ukitii sheria. Si adhabu hiyo.

Sasa lile sharti

Carrera ya kawaida ina nguvu-farasi karibu 390 na inafika kilomita 100 kwa saa katika sekunde 4 hivi. Mjini, nguvu hiyo haina kazi. Sisemi ina kazi ndogo. Haina.

Barabara za Kenya zinaua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, na kundi kubwa kuliko mengine ni waendao kwa miguu. Tazama Mombasa Road saa kumi na mbili asubuhi: watu wanatembea kwenda viwandani wakiwa na chakula chao kwenye kopo, na mara nyingi daraja la kuvukia liko mbali. Kwa kilomita 50 kwa saa, ukichelewa sekunde moja tu kabla ya kukanyaga breki, umeshapita mita 14. Kwa 100 ni mita 28, na nguvu ya mgongano imekuwa mara nne, maana inakua kwa mraba wa mwendo. Hakuna breki za bei ghali zinazobadilisha hesabu hiyo, kwa sababu ile sekunde ni ya kichwa chako.

Hapa ndipo hoja yangu ya kila siku inapokuwa zaidi ya suala la ladha. Ninayemwogopa si yule anayeenda na 911 kununua maziwa. Huyo ameshaona gari lake likipitwa na bodaboda mara elfu, ameshazoea, hana la kuthibitisha. Ninayemwogopa ni yule ambaye gari limelala siku sita, na siku ya saba ana saa moja ya kupata thamani ya pesa zake zote. Ndiye unayemsikia usiku kwenye bypass. Amelipa mamilioni kwa ajili ya kilele, na kilele hakipatikani ila kwa kuhatarisha mtu anayerudi nyumbani kwa miguu.

Kwa hiyo mwenzangu mwenye pesa za kandarasi, kabla hujanunua, liazime gari kwa wiki moja ya kawaida. Si wiki ya likizo. Pita Rongai asubuhi, pita Eastleigh mchana, egesha mahali unapoegesha sasa, mchukue mtoto mvua ikinyesha. Kama mwisho wa wiki bado unalipenda kwa usukani wake, kwa sauti yake ndogo kwenye gia ya pili, kwa ule ufundi wa watu waliofikiria kila skrubu, basi nunua na uliendeshe kila siku kwa kilomita 40 kwa saa ukitabasamu. Na kama unalipenda kwa ile namba ya mwisho kwenye dashibodi tu, acha. Mji huu hauna barabara ya kuiweka namba hiyo, na watu wake si wa kufanyiwa majaribio.