Wazee Wetu na Dafu

Ami yangu hanywi dafu. Muuza madafu akipita mtaani kwetu Amani, Unguja, na baiskeli yake, yeye hugeuza uso, kwani tangu ujana ameambiwa kwamba maji ya dafu huteremka yakaleta busha. Na busha analo. Miaka mingi amelificha ndani ya kanzu pana, na harusini hukaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Nilipojua kwa nini hanywi, nilimvamia kwa maneno mbele ya wanawe. Akanisikiliza hadi mwisho. "Haya mwanangu, nyinyi ndio mliosoma," akasema, akavaa makubadhi yake akaenda zake msikitini. Tangu siku ile hakulitaja tena jambo hilo mbele yangu.

Niliyomwambia yalikuwa kweli. Busha na matende huletwa na minyoo wanaosambazwa na mbu, na mbu hao huzaliana kwenye makaro na vyoo vya shimo. Huku huku Unguja, kule Makunduchi, mwaka 1988, vyoo vilimwagiwa chembe nyeupe za plastiki zikaelea juu ya maji, viluwiluwi wakakosa pa kuvutia pumzi. Watu wakapewa na dawa, maambukizi yakashuka sana. Mwaka 2001 Zanzibar nzima ikaanza kumezeshwa vidonge vya ivermectin na albendazole. Yote hayo ami aliyaona kwa macho yake, na vidonge alimeza. Dafu bado hanywi.

Jioni moja nikakaa naye barazani kwa kahawa, nikauliza tu: "Ami, hili la dafu ulilisikia kwa nani?"

"Kwa marehemu baba. Alikuwa mkwezi."

Hapo ndipo nilipofahamu. Mimi nilidhani nabishana na habari ya dafu, kumbe nilikuwa namtaka amkadhibishe baba yake. Nikamwambia babu hakukosea kuhusu maji, maana busha ni maji kweli; ila hayatoki tumboni. Minyoo huharibu mishipa ya limfu, maji yakakosa njia, yakatuama. Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini: "Na huko kupasuliwa, kunauma?"

Kumbe hofu ilikuwa hapo siku zote, pamoja na kuona haya.

Ndugu zangu wa Amani, na popote mnaponisoma Unguja na Pemba: kila nyumba ina mzee wake. Mmoja hugeuza uso dafu likipita, mwingine ameacha vidonge vya presha kwa kuogopa figo. Nakuombeni msiwashinde kwa hoja mbele ya wajukuu. Kaeni nao peke yao, waulizeni walisikia kwa nani, subirini jawabu hata likichelewa. Mkienda hospitali, nendeni pamoja, na ndani aingie naye mwanamume mwenzake, asione haya.

Na mwambieni mapema, kabla hajauliza: busha hupasuliwa, na mtu akarudi nyumbani kwake.