Mlinzi Aliyekabidhiwa Funguo Zote



Wazazi kadhaa, kutoka Sakina hadi Usa River, wameniuliza waweke programu gani ya kuzuia tovuti chafu. Tafadhalini, isiwe ile ya bure ambayo mwenyewe hajulikani! Ili izuie, hupewa mamlaka makubwa: huweza kuona kila ukurasa, pengine hata maneno ya siri. Mwaka 2009 serikali ya China iliagiza kompyuta mpya ziwekewe Green Dam. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wakagundua kwamba tovuti yoyote iliyofunguliwa ingeweza kuiteka kompyuta yenye mlinzi huyo. Hapa kwetu, kanuni za mwaka 2018 ziliwataka wenye vibanda vya intaneti waweke chujio. Vema. Lakini chujio lenyewe limekaguliwa na nani, nanyi mnawatuma watoto huko kila Jumamosi?