Elfu Tano kwa Kitabu Kimoja

Dada yetu mmoja wa Pugu, anayeuza chai na vitafunwa karibu na mnada wa ng'ombe, ametuletea suala ambalo tunaamini si lake peke yake. Mwanawe yu kidato cha pili. Ni kijana mtulivu; msikitini haendi kwa kusukumwa, wala darasani si wa mwisho. Lakini kitabu kisichokuwamo katika mtihani hakigusi. Alipopewa Kusadikika cha Shaaban Robert aliuliza neno moja tu: kitatoka kwenye mtihani? Mama akamwahidi shilingi 5,000 kwa kila kitabu atakachokimaliza. Siku mbili baadaye kijana akaja kudai haki yake. Mama, ambaye alikisoma kitabu hicho zamani, akamuuliza Karama alishitakiwa kwa kosa gani. Kijana akanyamaza. Baba yake akasema kwamba hilo ndilo tunda la rushwa. Basi tumeulizwa: je, yafaa kumtuza mtoto ili asome, au ni kumfundisha kuifanya elimu biashara?

Tuanze na hilo neno rushwa, maana ni neno zito, na si vema kulitupa ovyo ndani ya nyumba. Rushwa ni mali itolewayo ili haki igeuzwe kuwa batili, au batili ivikwe sura ya haki. Mzazi anayemwahidi mwanawe tuzo kwa jambo jema hakumdhulumu mtu yeyote. Mafakihi wanaijua ahadi ya namna hiyo, nao huiita ju'ala, yaani malipo yaliyotajwa kwa atakayetimiza kazi fulani. Katika Surat Yusuf tunasimuliwa jinsi shehena ya ngamia ilivyoahidiwa kwa atakayeleta chombo cha mfalme kilichopotea, na wanavyuoni wameitolea hoja aya hiyo.

Lakini ahadi kwa mtoto ni deni. Imepokewa na Abu Daud kwamba mama mmoja alimwita mwanawe aje ampe kitu. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamuuliza alikusudia kumpa nini. Alipojibu kuwa ni tende, akamfahamisha kwamba lau asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Basi mwenye mfuko mwepesi na aahidi kidogo atakachoweza kukitoa, kuliko kuahidi kikubwa kisha akakwepa.

Wala desturi ya kumtuza mwenye kusoma si ngeni kwetu. Katika vyuo vya Qur'ani vya pwani, mtoto aliyehitimu alifanyiwa karamu, akavishwa nguo mpya, na mwalimu wake akapewa chake. Hata leo vijana wanaoshinda mashindano ya kuhifadhi Qur'ani hapa Dar es Salaam hupewa zawadi mbele ya umati, na wazazi hutokwa na machozi ya furaha. Hatujapata kusikia mtu akiziita zawadi hizo rushwa.

Tena upo ushahidi wa zamani zaidi. Al-Khatib al-Baghdadi amenakili kisa cha Ibrahim bin Adham, aliyeishi karne ya 2 Hijria. Baba yake alimtaka atafute elimu ya hadithi, na akamwahidi dirhamu moja kwa kila hadithi atakayoisikia na kuihifadhi. Ibrahim mwenyewe ndiye aliyesimulia kwamba alianza kuitafuta elimu hiyo kwa njia hiyo. Na Ibrahim huyu ndiye anayetajwa hadi leo miongoni mwa wakuu wa zuhdi, watu walioipa dunia kisogo. Mtoto aliyevutwa kwa dirhamu hakuwa mtumwa wa dirhamu.

Ila tutazame vizuri masharti ya baba yule. Hakumlipa mwanawe kwa kuhudhuria darasa wala kwa kubeba daftari. Alimlipa kwa kile kilichoingia kichwani kikakaa. Hapo ndipo ahadi ya dada yetu ilipopungukiwa. Yeye aliahidi malipo kwa kumaliza, na kumaliza ni jambo la vidole kufika ukurasa wa mwisho. Anayelipia jalada kufungwa ataletewa majalada yaliyofungwa.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Kwanza, kijana asilipwe kwa alichokidai, wala asifedheheshwe mbele ya wadogo zake. Aambiwe kwa upole kwamba alichosema si kweli, kisha mapatano yaandikwe upya: tuzo ni ya kusimulia, si ya kumaliza. Jioni moja au mbili kwa wiki, baada ya swala ya Isha, asimulie sura alizosoma. Kusadikika ni kitabu kinachokubali sana mtindo huu, kwa kuwa Karama anajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia safari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine. Safari moja yatosha kwa jioni moja. Na mzazi ambaye hakupata bahati ya kusoma asione haya, maana masikio ya kusikiliza kisa hayahitaji cheti.

Pili, tuzo ianze na ipungue. Kitabu cha kwanza na kiwe na fedha. Cha pili, nusu yake. Cha tatu, safari ya pamoja hadi Maktaba Kuu ya Taifa iliyo barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967. Cha nne, kitabu kingine atakachojichagulia mwenyewe. Ngazi hutumika kupandia dari, na aliyekwisha fika juu haibebi mgongoni.

Tatu, tusianze na kizito. Pengine Kusadikika kilikuja mapema mno. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960, kina Bwana Msa na upelelezi wake, na kijana atakifuata kwa hamu ya kujua muuaji. Kitabu hicho chenyewe ni mtoto wa tuzo: mwandishi wake, Mzanzibari, alishinda nacho nafasi ya kwanza katika mashindano ya hadithi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958.

Kisha vije vile ambavyo wazazi waliwaandikia watoto wao. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa nasaha wenye beti 100 na ushei. Shaaban Robert naye, alipobaki na malezi ya watoto baada ya kufiwa na mkewe, aliwatungia Utenzi wa Adili na Utenzi wa Hati, mmoja kwa mwanawe wa kiume na mwingine kwa binti yake. Mtoto akizisoma ataona kwamba hofu ya mama yake si jambo jipya duniani. Anaweza kukubali baadhi ya nasaha hizo na kubishana na nyingine, na mabishano ya namna hiyo ni ya kheri.

Vijana wa Pugu hawana sababu ya kudhani kwamba vitabu ni mali ya watu wa mbali. Katika kilima chao alifundisha Mwalimu Julius Nyerere hadi alipojiuzulu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, na akiwa kiongozi wa nchi bado alipata muda wa kukaa na vitabu, akamfasiri Shakespeare kwa Kiswahili: Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Ikiwa mwenye mzigo wa taifa aliweza kuipata saa hiyo, sisi wazazi nasi tujihoji jioni zetu zinakwenda wapi. Mtoto anayeona baba ameshika simu tangu Magharibi hadi usingizini hatavutwa kwa noti ya rangi yoyote.

Neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume wetu, katika Surat al-Alaq, lilikuwa amri ya kusoma. Tuwasaidie wanetu waitii, ikibidi kwa tende mkononi, mpaka siku watakapoisahau tende na kukumbuka kitabu. Wabillahi tawfiq.