Mzigo wa Mashaka ya Vyuo Vikuu Usitwikwe Wanyonge

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alinijia ofisini siku moja akiwa na barua mkononi. Alikuwa amepata nafasi ya kufundisha katika shule ya upili, lakini shule ilitaka kuiona hati ya matokeo yake kabla ya kumwajiri. Hati hiyo haikuwa tayari. Alama za somo moja, la fonolojia, hazikuwa zimewasilishwa kwa sababu mhadhiri wa muda aliyelifundisha hakuwa amelipwa kwa mihula mitatu, naye aliapa kutozitoa mpaka apate haki yake. Mhadhiri hakulipwa kwa kuwa idara haikuwa na fedha. Idara haikuwa na fedha kwa kuwa chuo hakikupokea mgao kilioutarajia. Nafasi ile ya kazi ikapewa mtu mwingine.

Sikusimulia kisa hiki ili kumlaumu mhadhiri yule, kwani naye ana watoto wanaohitaji kula. Nataka msomaji auzingatie mkondo ulioshikwa na tatizo lenyewe. Mashaka yalianzia katika ofisi zinazopanga bajeti, yakateremka ngazi kwa ngazi hadi yakamfikia mtu asiyekuwa na wa kumtwika. Huo ndio mwenendo wa vyuo vyetu vikuu kila fedha au sera za serikali zinapoyumba. Badala ya kuubeba mzigo kwa pamoja, kila ngazi huusukuma kwa ngazi iliyo chini yake.

Mazoea haya hayakuanza leo. Mwaka 1991, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, serikali ilianzisha utaratibu wa kugawana gharama, na wanafunzi waliokuwa wakilishwa na umma wakaanza kujinunulia chakula. Mwaka 1995 Bunge likaiunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, kwa sheria. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha mpango wa wanafunzi wanaojilipia karo yote, na vyuo vingine vikafuata. Fedha zikamiminika. Mabewa yakachipuka katika miji mikubwa na midogo, mengine juu ya maduka na benki. Wakuu wa vyuo wakaamini kuwa wameipata dawa ya utegemezi.

Dawa hiyo ilitegemea jambo moja: kwamba daima kutakuwa na maelfu ya vijana waliofuzu lakini wakakosa nafasi za udhamini wa serikali. Mwaka 2015, watahiniwa 169,492 walipata alama ya C+ na zaidi katika mtihani wa KCSE. Mwaka 2016, baada ya udanganyifu kukabiliwa vikali, idadi hiyo ikateremka hadi 88,929. Serikali ikaweza kuwadhamini wote, tena katika vyuo vya umma na vya kibinafsi. Wateja wa mpango ule wakayeyuka, na mabewa yakaanza kufungwa. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini sisi wenye shahada nyingi hatukusikia.

Baada ya hapo sera nyingine zikaja. Mfumo uliotangulia mwaka 2023 uliazimia kuwa serikali ilipe asilimia 80 ya gharama ya kila kozi, lakini malipo yenyewe hayakufikia kiwango hicho na madeni ya vyuo yakarundikana. Mwaka 2023 ukaletwa mfumo mpya unaogawa ufadhili na mikopo kwa kuzingatia uwezo wa familia. Kufikia 2024 wanafunzi walipangwa katika makundi matano. Familia ya kundi la kwanza ilitakiwa kulipa asilimia 5 ya gharama, na ile ya kundi la tano asilimia 40. Wazazi waliozoea kusikia karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka walijikuta wakisoma barua za kujiunga na chuo zenye mamia ya maelfu. Wengi walilalamika kuwa wamewekwa katika makundi yasiyolingana na hali zao.

Mwezi Oktoba 2024 Mahakama Kuu ikausimamisha mfumo huo kwa muda, na mwezi Desemba ikaamua kuwa unakiuka Katiba. Mwezi Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo. Mwaka huohuo serikali ikatangaza kupunguza karo. Hebu mwanafunzi aliyejiunga na chuo mwaka 2023 na ajiulize: amesoma chini ya masharti yapi?

Vyuo vimeyakabilije mashaka haya? Vimepunguza ajira za kudumu na kuwategemea wahadhiri wa muda. Vimeunganisha madarasa hata mwalimu asiweze kuzisahihisha insha za wanafunzi wake ipasavyo. Vingine vimekata makato ya kisheria katika mishahara ya wafanyakazi bila kuyawasilisha yanakostahili. Vimezuia matokeo. Kila hatua ina sababu yake, lakini zote zinafanana kwa jambo moja: hasara humwangukia aliye na sauti ndogo zaidi.

Kwa kuwa isimu ndiyo taaluma yangu, nimekuwa nikiyasoma matangazo ya vyuoni kwa jicho la sarufi. Yawe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, aghalabu huandikwa katika kauli ya kutendwa: karo imeongezwa, matokeo yamezuiliwa, malipo yameahirishwa. Mtenda hatajwi. Ni nani aliyeongeza? Ni nani aliyezuia, na kwa idhini gani? Sarufi ya namna hii huufanya uamuzi wa binadamu uonekane kama kiangazi au gharika, jambo lisilokuwa na mwenyewe.

Yamkini mtu atasema kwamba mkosaji mkuu ni serikali, na hatakuwa amekosea. Mkuu wa chuo hachapishi noti. Wahadhiri walilazimika kugoma kwa siku 49, kuanzia Septemba hadi Novemba 2025, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa miaka ya 2017 hadi 2021. Hata baada ya mgomo huo, makubaliano yalikuwa deni lilipwe kwa awamu mbili, ya pili ikiwa Julai 2026. Ahadi ni deni, na serikali inayochelewesha deni la namna hiyo haiwezi kukifundisha chuo nidhamu ya fedha. Hata hivyo, uhaba ukishafika langoni mwa chuo, anayeamua nani aumie ni chuo chenyewe. Hapo hatuna wa kumsingizia.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yanahitajika. Kwanza, Bunge litunge sheria itakayohakikisha kwamba masharti ya fedha anayopokelewa nayo mwanafunzi hayabadilishwi kwa madhara yake mpaka ahitimu. Sera mpya iwahusu wanaoingia, isiwakute watu katikati ya mto. Pili, kila chuo kitangaze hesabu zake mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na kisimwajiri mhadhiri wa muda kabla ya kutenga malipo yake. Ikiwa fedha hazipo, kozi isitangazwe. Tatu, matokeo ya mwanafunzi yasizuiwe kamwe kwa sababu ya deni ambalo si lake.

Hatua hizi hazitaongeza hata shilingi moja katika hazina. Zitakachofanya ni kuurudisha mzigo kwa wale wenye uwezo wa kuusawazisha. Baraza la chuo likijua kwamba haliwezi kujificha nyuma ya mhadhiri wa muda, litapaza sauti mapema mbele ya Wizara na Bunge. Wizara nayo ikijua kwamba haiwezi kubadilisha masharti kila msimu, itapima ahadi zake kabla ya kuzitoa.

Mwanafunzi yule alipata hati yake miezi saba baadaye, baada ya baadhi yetu kuchanga fedha ili mwenzetu alipwe angalau muhula mmoja. Hatuwezi kuviendesha vyuo vikuu kwa michango ya namna hiyo.